Ujasiri Peke Yake Haufungui Duka

Miongoni mwa maneno yaliyopanda daraja kwa haraka katika Kiswahili cha miaka ya karibuni, sidhani kama lipo lililolishinda neno "ujasiriamali". Halikosi katika hotuba za mahafali, katika vitabu vya kiada, katika semina za vijana, wala katika mawaidha ya wazazi kwa watoto waliokosa ajira. Kijana anayemaliza shule ya sekondari hapa Ganjoni, na mwenzake anayehitimu chuo kikuu, wote wawili huusiwa jambo moja: usisubiri kuajiriwa, kuwa mjasiriamali.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na ada ya kazi yangu ni kulikagua neno kabla ya kulikubali. Neno hili limeunganishwa kutokana na "jasiri" na "mali". Kwa hivyo, kabla mtu hajaelezwa lolote, neno lenyewe limekwisha kumfundisha kwamba mali ni zao la ujasiri wa mtu binafsi. Upande wa pili wa mantiki hiyo ni mchungu: asiye na mali hakuwa na moyo. Vitabu vingi vya somo la biashara navyo huikazia fikira hiyo kwa kuorodhesha sifa za mjasiriamali, kwamba ni mwenye bidii, mbunifu, mvumilivu na asiyeogopa hasara. Sifa hizo ni njema, na sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni hiki: mbona watu wenye sifa zile zile hufanikiwa katika nchi moja, wakasota katika nyingine, na katika nchi ya tatu wakatiwa gerezani kwa matendo yale yale?

Kwa wakaazi wa Mombasa swali hili si la darasani tu. Kwa miongo mingi tumesikia ikinenwa kwamba Mpwani ni mvivu, kwamba akipata kivuli cha mwembe na kikombe cha kahawa hana haja tena na dunia, na kwamba ndiyo sababu biashara kubwa za mji huu zimo mikononi mwa wageni. La kusikitisha ni kwamba kauli hiyo husikika hata katika vyumba vya walimu, mbele ya watoto wa Kipwani wenyewe. Katika makala haya nataka kutetea rai tofauti. Hamu ya kutafuta haina kabila wala mwambao. Aina ya biashara itakayoota mahali, na kimo itakachofikia, huamuliwa kwa sehemu kubwa na taasisi za taifa: sheria zake, mahakama zake, ofisi zake za ardhi, benki zake, bandari zake, na lugha inayotumika ndani ya milango yake.

Maana ya taasisi

"Taasisi" na nduguye "asasi" yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuweka msingi. Wengi wetu tukilisikia neno hilo hufikiria jengo lenye bendera na bawabu. Wanauchumi hulitumia kwa mapana zaidi. Mmarekani Douglass North, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba taasisi ni kanuni za mchezo katika jamii. Zipo zilizoandikwa, kama katiba na sheria. Na zipo zisizoandikwa, kama mila, staha na kuaminiana. Mwaka huo huo wa 1990 William Baumol, naye Mmarekani, alichapisha makala mashuhuri akidai kwamba watu wenye ari ya kutafuta hawakosi katika jamii yoyote wala zama zozote. Kinachobadilika ni kanuni za malipo. Kanuni zikimlipa anayezalisha, atazalisha. Zikimlipa anayejuana na wakubwa, atawaandama wakubwa. Zikimlipa mporaji, atapora.

Mwambao wetu uliyajua hayo zamani, na ushahidi umo katika msamiati. Zingatia maneno haya: rasilimali, amana, rehani, hundi, dalali, mnada, shirika, bima, forodha, daftari. Mengi yalitujia kutoka Arabuni, mengine kutoka Uajemi na Bara Hindi, pamoja na bidhaa zilizoletwa na majahazi. Kila moja linabeba kanuni iliyokubaliwa na watu. Amana ni ahadi kwamba nitakutunzia chako na kukurudishia. Rehani ni ahadi kwamba nikishindwa kulipa, wajua utakachochukua. Hundi ni ahadi ya fedha itakayotolewa na mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine. Tajiri wa Mji wa Kale aliyemkabidhi nahodha bidhaa zake wakati wa kusi zipelekwe Arabuni alihitaji ujasiri, hapana shaka. Lakini alihitaji zaidi mashahidi, maandishi, na kadhi wa kumwendea mambo yakiharibika. Wahenga walilifupisha hilo waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haimsifu jasiri, inalisifu daftari.

Kitendo kimoja, majina mengi

Njia nyepesi ya kuona nguvu ya taasisi ni kukifuata kitendo kimoja katika nchi mbalimbali na kusikiliza kinavyoitwa. Chukua kitendo cha kawaida kabisa: kununua bidhaa mahali zilipo nyingi na kuziuza kwa faida mahali zilipo chache.

Hapa Mombasa kitendo hicho kimeitwa biashara tangu zamani. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwezi Februari 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na ugawaji wa bidhaa nyingi ukawa kazi ya mashirika ya umma. Mtu binafsi aliyenunua sukari au vitenge akavificha na kuviuza kwa bei ya juu aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria kali na msako mkubwa ukaendeshwa dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Miaka michache baadaye Rais Ali Hassan Mwinyi alilegeza masharti, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Litafakari jina hilo. Watu hawakumwita Mzee Fedha wala Mzee Ujasiri; walitambua kwamba kilichobadilika ni ruhusa. Desemba 2018, Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa ada ya shilingi 20,000 za nchi hiyo, ili wamachinga wasibughudhiwe barabarani. Hivyo basi, katika umri wa mtu mmoja, muuzaji yule yule angeweza kuitwa mlanguzi ujanani, machinga utu uzimani, na mjasiriamali uzeeni, ilhali bidhaa iliyo mikononi mwake haijabadilika.

Nchini Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao yakagawiwa watu wengine, wengi wao wakiwa wanajeshi na marafiki wa utawala. Hao waliopewa waliitwa na wananchi mafuta mingi. Bidhaa zilipoadimika, magendo yakawa ndiyo njia ya kuishi, na kahawa ya Uganda ikavushwa mpaka kwa siri kuingia Kenya. Waganda hawakupoteza akili za biashara katika miaka hiyo. Kanuni za malipo ndizo zilizopinduliwa. Faida ilimwendea aliyejua njia ya kichakani na askari wa kumhonga. Katika Zaire ya Mobutu, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, raia walizoea kuitaja kwa kejeli Ibara ya 15, ambayo maana yake ilikuwa: jitafutieni wenyewe. Taasisi zilipowatupa mkono, watu walijitungia ibara yao.

Nasi Kenya tuna jina letu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu nchi yetu ndiyo iliyoifanya sekta isiyo rasmi ijulikane ulimwenguni kote, na ilisema bayana kwamba mafundi na wachuuzi hao walikuwa wakihangaishwa na dola badala ya kusaidiwa. Sisi tuliwaita jua kali. Jina hilo ni maelezo kamili ya kitaasisi: ni kazi isiyo na paa. Fundi hana kiwanja chake, hana hati, hana umeme wa uhakika, na kesho askari wa kaunti wanaweza kumbomolea. Serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 2 wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogondogo na jua kali, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria mahsusi ya biashara hizo. Hata hivyo, kwa mujibu wa takwimu za serikali yenyewe, zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa nchi hii wangali katika sekta isiyo rasmi. Jua bado ni kali.

Wingi wa vibanda si dalili ya afya

Hapa yafaa niondoe dhana moja potofu. Wako wanaodhani kwamba nchi yenye biashara changa nyingi ndiyo yenye ujasiriamali bora. Tangu mwaka 1999 umekuwepo utafiti wa kimataifa unaolinganisha nchi kwa kuhesabu watu wazima wanaoanzisha biashara. Mwaka 2003 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele kabisa, ikizipita nchi tajiri za Ulaya kwa mbali. Je, Uganda ilikuwa na uchumi imara kuliko Ujerumani? Hasha. Watafiti hao wenyewe walitofautisha anayeanza biashara kwa kuona fursa na anayeanza kwa kukosa njia nyingine. Aidha, kwa miaka mingi waliainisha nchi katika mafungu matatu: zinazotegemea ardhi, madini na nguvu za mikono, zinazotegemea viwanda na ufanisi wa uzalishaji, na zinazotegemea uvumbuzi. Katika fungu la kwanza biashara huwa nyingi, ndogo, zinazofanana, na hufa mapema. Katika fungu la tatu huwa chache kwa kulinganisha, lakini aghalabu huajiri watu na kuleta kitu kipya.

Wala si kweli kwamba dawa ni kuondoa kila kibali. Nchini Ujerumani, fundi wa umeme au mwokaji mikate kwa kawaida hawezi kufungua karakana yake bila cheti cha ufundi mkuu. Mwaka 2004 Wajerumani waliliondoa sharti hilo katika fani 53. Mwaka 2020 wakalirudisha katika fani 12 kati ya hizo. Walichukulia cheti kuwa ni kitu chenye kazi: kinamlinda mteja, na kinamlazimu fundi mkuu kufundisha vijana. Hapo ndipo penye kipimo ninachokipendekeza kwa msomaji. Usiulize vibali ni vingapi. Uliza kila kibali kinampa nini anayekilipia. Mama anayeuza mahamri na mbaazi akilipa ushuru akapata maji safi, taa na mahali pa kudumu, kibali hicho ni taasisi. Akilipa leo na kesho meza yake ikabebwa na gari la askari, hicho ni chambo.

Benki ya Dunia ilijaribu kuyapima mambo haya kwa ripoti ya kila mwaka kuhusu wepesi wa kufanya biashara. Katika ripoti ya 2020 Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56, Uganda ya 116, Tanzania ya 141 na Somalia ya 190, yaani ya mwisho. Mwaka 2021 Benki iliifuta ripoti hiyo baada ya kugundulika kwamba baadhi ya takwimu zilikuwa zimechezewa. Fundisho lipo: hata taasisi inayopima taasisi za wengine huhitaji kupimwa.

Mombasa na kanuni zake

Tukirudi nyumbani, tuanze na ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi katika mwambao, iliyomtaka kila mwenye madai ayawasilishe na kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Walioelewa utaratibu na lugha yake walipata hati. Wengi wa Mijikenda, na wengine wengi waliomiliki kwa mila, hawakupata. Matokeo yake tunayaishi hadi leo katika sura ya maskwota, na katika mtindo ambao ni mashuhuri hapa Mombasa wa nyumba bila ardhi. Katika sehemu za Majengo, Kisauni na Likoni, mtu anaweza kumiliki nyumba aliyoijenga kwa jasho lake juu ya ardhi ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja.

Fikiria maana yake kwa biashara. Mtu huyo ana nyumba, ana wapangaji, ana heshima mtaani. Akienda benki kuomba mkopo wa kununua mashine ya kushona au jokofu la kuhifadhia samaki, ataulizwa hati ya ardhi, naye hana. Mali yake ni ya kulala, haiwezi kusimama ikamtetea. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliiita mali ya namna hii mtaji mfu katika kitabu chake cha mwaka 2000, na Tanzania ilimwalika asaidie kuandaa mpango wa MKURABITA ulioanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Anayemlaumu kijana wa Kisauni kwa kutothubutu, na amtazame kwanza babu yake alipokuwa mwaka 1908.

Baada ya ardhi, bandari. Ganjoni na Shimanzi ni wadi moja, na maisha yake hayatenganishiki na Kilindini. Bandari hulisha mawakala wa forodha, madereva wa malori, wenye gereji, makarani, wauza vyakula na wenye nyumba za kupanga. Mwezi Agosti 2019 mamlaka za bandari na ushuru ziliagiza kwamba makontena yote ya Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli mpya na kukaguliwa huko Nairobi. Biashara nyingi za Mombasa zilipigwa dafrao, na wakaazi wakaandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa iliamua kwamba maagizo hayo yalikiuka katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ingawa iliahirisha utekelezaji wa uamuzi wake. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kurejeshwa kwa shughuli hizo Mombasa.

Msomaji asinielewe vibaya: sijadili hapa kama reli ni njema au mbaya. Ninachosema ni kwamba kati ya mwaka 2019 na 2022, wenye malori na wenye vibanda vya chakula wa mji huu hawakuwa wamepungukiwa na bidii hata chembe. Barua moja iliyosainiwa ofisini iliwaondolea wateja, na tangazo moja jukwaani likawapa matumaini ya kuwarejeshewa. Biashara inayoweza kufa na kufufuka kwa maagizo haiwezi kupanga miaka 10 ya mbele. Itapanga wiki. Na mwenye kupanga wiki hanunui mashine. Hununua na kuuza.

Ili nisionekane mtu wa malalamiko matupu, nitaje taasisi inayofanya kazi. Katika Barabara ya Nyerere, si mbali na hapa Ganjoni, huendeshwa mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ambao ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na nchi nyingine huuzwa hapo kwa wanunuzi wa Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Mnunuzi hana haja ya kumjua mkulima, wala kusafiri hadi Kericho. Hupelekewa sampuli, huonja, huona katalogi, hutoa bei, na kanuni za malipo zinajulikana na wote. Kutokana na kanuni hizo pameota madalali, waonjaji, wenye maghala, wafungaji wa vifurushi na wasafirishaji. Hakuna aliyewahubiria watu hao kuhusu ujasiri. Walipewa mahali pa kuaminiana, na biashara ikajizalia.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ni mfano wa aina hiyo. Sifa za ubunifu wake zimeimbwa sana, lakini husahaulika kwamba Benki Kuu ya Kenya iliamua kuiruhusu kampuni ya simu ihamishe fedha ilhali haikuwa benki. Nchini Nigeria, ambako watu si wachache wa akili wala wa ujasiri kuliko sisi, wasimamizi wa fedha waliziwekea kampuni za simu kizuizi kwa zaidi ya miaka 10. Vilevile, mwaka 2008 zilianza kazi nchini benki mbili za kwanza zilizofuata kikamilifu sharia ya Kiislamu, baada ya vikwazo vya kisheria kulegezwa. Kabla ya hapo, Mwislamu aliyejiepusha na riba angeweza kudhaniwa haogopi tu mkopo, bali anaogopa maendeleo. Kumbe mlango haukuwa na ufunguo wake.

Lugha iliyoandikwa mlangoni

Sasa naingia katika uwanja wangu. Taasisi zote nilizozitaja zimejengwa kwa maneno. Sheria ni maneno, mkataba ni maneno, hati ni maneno. Mtu asiyeielewa lugha ya taasisi yumo nje yake hata akiwa ameketi ndani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Pamoja na hayo, sheria ya makampuni ya mwaka 2015, mikataba ya mikopo na fomu nyingi za leseni zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Utekelezaji wake ni kazi ya miaka mingi, lakini mwelekeo umewekwa.

Nitoe mfano mmoja wa gharama ya ujinga huu tuliolazimishwa. Sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 ina utaratibu wa kumsaidia mdaiwa mdogo ambaye hana mali ya kulipia, ili hatimaye aondolewe mzigo na kuanza upya. Ni sheria ya huruma na ya busara, kwani nchi inayotaka watu wathubutu haina budi kuwawekea mkeka wa kuangukia. Ni wauza samaki wangapi wa Mombasa waliopata kuisikia? Wengi hujua tu simu za vitisho kutoka kwa wakopeshaji, na kuorodheshwa miongoni mwa wasiokopesheka. Sheria isiyosomeka na anayeihitaji ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini na ufunguo ukatupwa baharini.

La ajabu ni kwamba lugha yenyewe haijapungukiwa. Watu waliokuwa na rehani, amana, hundi na dalali karne kadhaa zilizopita hawawezi kuambiwa leo kwamba lugha yao haiwezi kubeba mkataba wa mkopo. Kadhi wa zamani wa mwambao alisikiliza pia kesi za mikataba na madeni. Leo, kwa kifungu cha 170 cha katiba, mamlaka yake yamebakia katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi kwa Waislamu. Sidai turudi nyuma. Nadai kwamba biashara ya Mswahili ilipohamishwa kutoka mahakama aliyoielewa kwenda mahakama asiyoielewa, haikupewa mkalimani.

Hoja ya upande wa pili

Wako watakaonijibu kwamba ninawapa vijana kisingizio. Watasema kwamba wapo waliotajirika chini ya kanuni hizi hizi, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubali kwamba wapo, na nawavulia kofia. Lakini sera ya nchi haijengwi juu ya watu wa nadra. Swali la taifa ni nini humpata mtu wa kawaida, mwenye bidii ya kawaida, asiye na mjomba serikalini.

Aidha, sisemi kwamba taasisi moja ikirekebishwa mambo yote yatanyooka. Hati za ardhi zilianza kugawiwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya kufuatia mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na bado wakulima wengi wadogo wenye hati hawakopi, kwa kuogopa kunadiwa shamba la urithi. Wamekumbuka kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Hati bila mahakama ya kuaminika, mahakama bila lugha inayoeleweka, mkopo bila soko: kila kimoja pekee ni mguu mmoja wa kigoda. Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa zimefanikiwa kwa njia tofauti, na ndiyo maana haifai kunakili sheria za Singapore na kuzibandika Mvita.

Kwa walimu na wanafunzi

Yanayotuhusu sisi wa darasani ni haya. Kwanza, tuache kuifundisha mada ya ujasiriamali kama mawaidha ya tabia. Mwanafunzi anapokariri sifa za mjasiriamali, na aulizwe pia: ni hatua zipi za kusajili jina la biashara? Leseni hutolewa na nani, na fedha zake huenda wapi? Mkopo wa asilimia kadhaa kwa mwezi ni asilimia ngapi kwa mwaka? Ukishindwa kulipa, sheria inakulinda vipi? Mwalimu wa Kiswahili naye anaweza kuleta darasani mkataba mmoja wa mkopo na kuwaambia wanafunzi waufasiri. Watajifunza lugha, na watagundua mambo ambayo wazazi wao walitia saini bila kuyajua.

Pili, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za utafiti wasikimbilie mbali. Nani anayeandika historia ya nyumba bila ardhi katika mtaa mmoja wa Likoni? Nani anayehesabu siku na shilingi zinazotumiwa na muuza viazi karai kupata kibali chake? Nani anayekusanya msamiati wa mnada, wa bandari na wa wakopeshaji wa mitaani? Kazi hizo zina manufaa kwa isimu na kwa uchumi pia, na kaunti yetu ingekuwa na cha kusoma kabla ya kutunga kanuni mpya.

Tatu, tuikomeshe ile kauli ya uvivu wa Mpwani popote itakaposikika, hasa mbele ya watoto. Mtoto aliyeambiwa kwamba kasoro imo damuni mwake hatauliza habari ya hati, wala ya fomu, wala ya barua iliyosainiwa Nairobi. Atainamisha kichwa. Aliyefundishwa kwamba kanuni zimetungwa na watu atajua kwamba watu wanaweza kuzitungua, na siku ya mkutano wa bajeti ya kaunti atakwenda, ataketi mbele, na atauliza kwa Kiswahili fasaha kibali anacholipia kinampa nini.